Betri za Bwenini na Kuni za Darini

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga ni kizuri, vijana wangu, ila kinachosha. Mtu aliyezoea kuinama juu ya betri tangu asubuhi hawezi kujifunza kuegemea kwa wiki chache. Nimekivuta mpaka mezani, sasa nakikalia nikiandika. Mliniomba niwaeleze tulivyokuwa tukiwafungia watu umeme wa akiba majumbani enzi zile, kabla ya hizi betri zenu nyepesi zinazojieleza zenyewe kwa taa za kijani na nyekundu. Haya, nitawaeleza. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilichelewa kuja, na mishahara iliwahi kuisha.

Niliingia karakana ya Mzee Gervas pale Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha chuo cha ufundi na sketi mpya ya bluu niliyoshonewa kwa ajili ya kazi. Mzee Gervas alikuwa ametumikia miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, pamoja na watu waliotoka kila mkoa, kwa hiyo aliweza kuutukana waya mbovu kwa lugha za nusu ya nchi. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akaitazama sketi yangu, akatikisa kichwa. Siku hiyo hakunipa bisibisi. Alinipa ndoo ya plastiki akanituma nje kukinga maji ya mvua.

Nilidhani ananitania. Kumbe betri za wakati ule zilikuwa na kiu, na hazikunywa maji ovyo ovyo. Maji ya kisima yana chumvi, maji ya paa la bati yana kutu, na yale ya dukani yalifika Ifakara siku yalipojisikia. Mvua ikianza tuliiacha kwanza ioshe vumbi la hewani, kisha tukakinga uwanjani, mbali na paa lolote, tukayachuja na kuyafunika. Wiki yangu ya kwanza yote ilikwisha hivyo, kukinga, kuchuja na kujazia seli, huku nikijiuliza cheti changu kina kazi gani.

Asidi nayo ilinifundisha bila kupandisha sauti. Ikikurukia nguoni huoni kitu, unarudi nyumbani nadhifu kabisa, mpaka siku ya kufua. Nilipoianika sketi ile ya bluu Jumamosi, niliona jua la upande wa pili likipenya kwenye matundu. Jumatatu nikaja na gauni kuukuu na aproni ya turubai. Mzee Gervas akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Sasa umeajiriwa."

Chombo chake alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipima asidi, bomba la kioo lenye mpira wa kufyonzea juu na kielezo kinachoelea ndani. Unafyonza asidi ya seli moja moja. Kielezo kikipanda betri imeshiba, kikizama ina njaa. Alikiita Mganga, kwa kuwa kilipiga ramli isiyokosea. Mteja angeapa kwamba betri yake aliichaji juzi tu, Mzee angemsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwita Mganga.

Wateja hawakukosekana. Umeme wetu ulizaliwa jirani tu, Kidatu, lakini miaka ile ya ukame mabwawa yalipopungua nchi nzima iliingia kwenye mgao, nasi tulikuwa kwenye foleni kama wengine. Mvua zikizidi nazo zilikuwa na vituko vyake. Mti ukiuangukia waya kule Sanje, chini ya milima, Ifakara nzima tulikula chakula cha jioni kwa koroboi. Ukosefu wa maji ulitupa giza, na maji yakizidi yalitupa giza. Ukiwa fundi wa umeme wa akiba, huwezi kuomba hali nzuri zaidi ya hiyo, ingawa si vizuri kulisema kanisani.

Tulipokwenda nyumbani kwa mtu, Mzee Gervas hakugusa waya kabla ya kuuliza swali lake moja. "Umeme ukikatika sasa hivi, kitu gani kitakuliza?" Watu walianza kutaja: taa, redio, feni, friji, pasi. Alisubiri wamalize, ndipo akaanza kupunguza. Pasi ilitoka ya kwanza kila mara. Alisema itaimaliza betri kabla hujafika kwenye kola, halafu ukae gizani na shati lililonyooka upande mmoja. Swali hilo lirithini. Hao wateja wenu wanaotaka umeme wa akiba uendeshe nyumba nzima, waulizeni hivyo hivyo, mtaona nusu ya vitu vinajiondoa vyenyewe.

Baada ya hapo tulitafuta mahali pa kuweka betri. Si chini ya kitanda, kwa sababu ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Si karibu na magunia ya mpunga, kwa sababu panya wa bonde letu akishiba mpunga hutafuna waya kusafishia meno. Si sakafuni pia, kwa kuwa mto Lumemo ukijaa huingia ndani bila hodi. Tuliijengea kichaga penye dirisha, tukafunga nyaya nene na fupi, fyuzi karibu na betri, na vichwa vyake tukavipaka grisi. Penye jenereta tuliweka suwichi ya kuchagua, ili umeme wa nyumbani usirudi kwenye nguzo ukamkuta fundi wa laini kaushika waya.

Kuhusu jenereta nina moja ya kuwapa. Familia moja waliifungia yao jikoni, mlango umefungwa, wakiogopa wezi. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa furaha, akatuambia tangu ije hakuna mbu hata mmoja, ila watoto wanaumwa vichwa. Mzee Gervas alitoka nayo nje yeye mwenyewe, akiisukuma kwa mguu. Alimwambia yule mama kwamba mbu walikuwa wametangulia tu, na wao walikuwa wanafuata nyuma.

Lakini adui wetu mkubwa hakuwa panya, wala mafuriko, wala moshi. Adui wetu alikuwa desturi nzuri. Mnajua watu wa bonde hili walivyoishi. Mvua zikianza, nyumba ilifungwa na familia ikahamia shamba la mpunga, ikaishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mpaka mavuno. Na kabla ya kufunga nyumba, mtu mwenye akili alimalizia vilivyomo. Unga ulipikwa, mafuta yakaisha, mihogo ya uani ikang'olewa. Kuacha chakula ndani ni kufuga panya.

Basi na betri waliimalizia vivyo hivyo. Jioni ya mwisho majirani waliitwa, redio ikafunguliwa, taa zote zikawashwa, watu wakacheza mpaka mwanga ukawa mwekundu na mtangazaji akaanza kuongea kama mtu aliyelewa. Kisha wakazima suwichi kuu, wakafunga mlango, wakaenda shamba na roho nyeupe: hakuna kilichopotea. Betri ya asidi ikiachwa tupu miezi yote hiyo, inaganda ndani na kufa. Waliporudi na mpunga wao walituletea maiti, na kutulaumu kwamba tuliwauzia betri mbovu.

Mzee Gervas alieleza. Alichora seli kwenye ubao, alibandika tangazo refu ukutani lenye vichwa vya habari, alisimama hata nje ya kanisa. Watu walimwitikia vizuri, wakaenda kumalizia. Mwishowe akaamua kujenga bweni. Lilikuwa chumba cha nyuma chenye rafu za mbao, ambamo mtu aliyekwenda shamba aliacha betri yake nasi tukailisha umeme kila baada ya muda mpaka arudi. Kila betri ilikuwa na jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Sheria ilikuwa moja: betri ya mtu haiguswi pasipo ruhusa yake. Wateja walikubali haraka kuliko tulivyotegemea, na wengine wakipita sokoni walichungulia kuuliza mtoto wao anaendeleaje na masomo.

Mmoja wao alikuwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake akakaa upande wa Malinyi. Mvua zikikata njia alihamisha mifugo kwenda juu, na betri aliileta kwetu kwa baiskeli na kivuko, safari ya kumchosha mtu mwingine yeyote. Yeye alifika akicheka. Salamu zake zilianzia kwangu, zikapita kwa wazazi wangu, zikaishia kwa kuku, ndipo akasema kilichomleta. Bweni letu aliliita shule nzuri kuliko zote, kwa kuwa haijafelisha mwanafunzi.

Mwingine alikuwa Bi Skolastika. Huyu alifundisha kwaya kule Lumemo, mtaa ulio kando ya mto wa jina hilo, na sauti yake ikianza hata wasiojua kuimba walijikuta wamesimama. Lakini alikuwa na pumu, na pumu yake ilikuwa na kalenda. Shamba alipumua vizuri. Akirudi mjini wakati wa kukoboa, vumbi la pumba kutoka kwenye mashine za mpunga lilimkaba. Mpwa wake aliyekuwa ng'ambo akamletea mashine ndogo ya umeme inayogeuza dawa kuwa mvuke, unaivuta kwa kibarakoa, na madaktari wakamwonyesha jinsi ya kuitumia nyumbani.

Tulipokwenda kumfungia umeme wa akiba, mumewe Mzee Kaspari, mkulima wa mpunga, mtu mpole wa maneno machache, alianza kutaja redio. Mzee Gervas akamgeukia mama na kumuuliza swali lake, kitu gani kitamliza.

"Pumzi," alisema Bi Skolastika.

Sijawahi kumwona Mzee Gervas akikosa cha kupunguza isipokuwa siku ile. Tuliwafungia betri mbili, chaja, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa ukutani, tukaweka soketi moja tu, ya mashine. Mwaka wa kwanza walizileta betri bwenini kabla ya kwenda shamba. Mwaka uliofuata Mzee Kaspari aliona ni kujisumbua. Nyumba yake ina paa na kufuli, betri zitalala humo humo. Wala hatukujua kwamba jioni ya mwisho alichomeka redio kwenye ile soketi akaita majirani.

Walirudi kutoka shamba umeme ukiwapo, mashine ikafanya kazi kwa umeme wa ukutani, na hakuna aliyewaza kuzipima betri. Kisha siku moja mchana, mashine za mpunga zikiwa zimepamba moto, umeme ukakatika. Mashine zile zilikwenda kwa dizeli. Ziliendelea kunguruma na kurusha pumba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mzee Gervas alikuwa amekwenda Mang'ula kwa mteja. Nilikuwa peke yangu karakana, na Masanja alikuwa mlangoni akifunga betri yake kwenye baiskeli, tayari kurudi kwake, akinipa salamu za kuaga za mtu mmoja mmoja. Akaingia Mzee Kaspari na baiskeli, karibu aangukie kizingiti. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Hakuitikia. Mzee Kaspari kuacha shikamoo ianguke chini, nilijua hapohapo kwamba kuna jambo.

"Mama hapati pumzi," alisema. "Mashine haiamki. Betri hazina kitu."

Hospitali haikuwa mbali, lakini njia yake ilipita katikati ya mashine za mpunga, na safari iliyopita walipompitisha hapo alifika akiwa karibu kuzimia. Ilibidi avute dawa kwanza. Na mimi nisingeweza kuchaji kitu, umeme ulikuwa umekatika hata kwetu, na jenereta Mzee alikuwa ameondoka nayo. Nikageuka kutazama bweni. Betri zilikuwa pale rafuni, zimeshiba, na majina ya watu waliokuwa bado mashambani. Nakiri niliogopa. Nilishanyoosha mkono kwa ya kwanza niliposikia Masanja akicheka nyuma yangu, kicheko chake kile kile.

"Dada fundi, waache hao wanafunzi," alisema. "Hii yangu imeshapanda baiskeli, tena imefungwa. Ng'ombe wangu wanaona gizani."

Hakusubiri jibu, alikuwa ameshapanda. Mimi nilirukia kwenye keria ya Mzee Kaspari na kiboksi cha spana mapajani, tukamfuata. Sijui mzee wa umri ule alitoa wapi miguu ile. Njia nzima nilihesabu moyoni nitalegeza nati ipi kwanza.

Bi Skolastika alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha lililofungwa, ameinama, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda kila anapovuta hewa. Jirani alikuwa akimshika mgongo. Nilizitoa zile betri mbili zilizokufa, Masanja akaiinua yake kuiweka kichagani kana kwamba anapakata ndama, nikafunga vichwa, chanya kisha hasi. Inveta ikalia mlio wake mdogo. Mashine ikaanza kunguruma, na ule mvuke mweupe ukatoka. Nimewasha taa nyingi maishani, nimeangalia mitaa ikishangilia, lakini sijasikia mlio ulionifurahisha kama ule.

Tulisimama tu. Taratibu mabega ya mama yakaanza kushuka, kisha midomo ikarudi rangi yake, kisha akafungua macho akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu waimbaji. Akaondoa kibarakoa.

"Kaspari," alisema, akapumzika. "Kule shamba, tukifunga dungu baada ya mavuno, unaacha nini darini?"

"Kuni kavu," alisema Mzee Kaspari.

"Kwa nini?"

"Tutarudi na mvua. Kuni za nje zitakuwa zimelowa."

"Na hapa uliniachia nini?"

Mzee Kaspari alikaa chini sakafuni, kando ya zile betri zilizokufa, akaiweka kofia yake mapajani. "Nilidhani namalizia," alisema.

Bi Skolastika alinyoosha mkono akamgusa kichwani, kisha akarudisha kibarakoa chake. Baadaye, alipoweza kukaa vizuri, gari la parokia lilimpeleka hospitali kwa njia ya kuzunguka, naye akarudi kesho yake akiwa mzima. Masanja hakuondoka mpaka umeme uliporudi. Alilala kwa kina Kaspari, akawasimulia habari za ng'ombe wake wote kwa majina, na tangu hapo hakupita Ifakara bila kuwapelekea kibuyu cha samli.

Nilipomweleza Mzee Gervas, alinisikiliza akifuta miwani yake muda mrefu. Kisha akainuka, akabandua tangazo lake refu lenye vichwa vya habari. Alisema miaka yote hiyo amechora seli, kumbe alitakiwa kuchora jiko. Mahali pake aliandika kwa rangi ile ile ya bwenini: ACHA KUNI DARINI. Hakuna mtu wa bonde aliyehitaji maelezo. Msimu uliofuata rafu hazikutosha, na waliobaki na betri zao nyumbani walikuja kutuuliza namna ya kuziacha zimeshiba. Nimehudhuria semina nyingi baadaye, zenye chai na vitumbua, na sijaona somo lililowaingia watu namna ile.

Nanyi msije mkazicheka betri zile. Hizi zenu nazo zina namna zao za kufa, na mteja wenu naye ana desturi yake ambayo kwake ni akili tupu. Kabla ya kumwambia amekosea, tafuteni nyumbani kwake jambo ambalo tayari analifanya sawasawa. Mara nyingi lipo, tena karibu na jiko.

Nimalizie na Mzee Kaspari. Mvua za mwaka ule zilipokaribia, alifika karakana akisukuma baiskeli, betri mbili mpya zimefungwa kwenye keria, na juu yake mzigo mdogo wa kuni kavu umefungwa kwa kamba. Nikamwamkia. Safari hii aliitikia marahaba mpaka nje wakasikia. Nikazipima betri kwa Mganga, zimejaa. Nikamuuliza kuni za nini. Alisema ni ujira wa Mganga, ili yeye mwenyewe asije akasahau somo. Tulizichemshia chai ya karakana, tukanywa naye, na kila mwaka ikawa hivyo: betri bwenini, kuni jikoni, chai, ndipo familia ikaenda shamba.

Alifariki mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kwa uzee, kitandani kwake. Nilidhani msimu ule hakuna atakayekuja. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka milimani nilipomwona Bi Skolastika akiingia uwanjani, anasukuma baiskeli ya mumewe, betri mbili kwenye keria na mzigo wa kuni juu yake. Nilikimbia kumpokea. Aliitikia shikamoo yangu kwa sauti ile ile ya kwaya.

"Alizipasua mwenyewe kabla hajalala," alisema. "Akaniambia, mama, nisipoamka, usiende shamba kabla hujazifikisha kwa fundi."

Betri zilikuwa zimeshiba. Chai ya siku ile tuliichemshia mkaa. Zile kuni ninazo mpaka leo, zipo darini, juu kabisa ya kiti mlichonipa.